Jeneza Lililotundikwa Ukutani

Wale mlioniacha wiki iliyopita katikati ya mto, asanteni kwa salamu zenu. Sikuzama. Zilizozama ni picha zangu, zote, na sasa samaki wa Lualaba wanazitazama bure. Mimi niliogelea nikatokea Alunguli na kiatu kimoja mguuni.

Na wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Twaibu. Nachora vibao. Kinyozi, duka la dawa, fundi simu, vibao vyao vyote hapa Alunguli nimevichora mimi. Na yule kuku mkubwa mwenye meno ukutani kwa Mama Yvette ni wangu pia. Habari za meno msiniulize. Lakini moyo wangu uko kwenye picha zenyewe, na ndiyo maana Madame Adèle, mwenye galerie mpya, nyumba ya kuonyesha picha, kule Kasuku, ng'ambo ya mto, alinipa ukuta mzima katika maonyesho yake ya kwanza. Maonyesho aliyapa jina: Vita Vilituachia Nini.

Halafu kuna Nuru. Nampenda Nuru. Mji mzima wa Kindu unajua. Aliyekataa kujua ni baba yake, Muzee Ayoubu. Nilipeleka posa, ikarudi. Nikapeleka tena, safari hii akaniita mwenyewe, akanisimamisha mbele ya jamaa zake kama mwizi wa mbuzi.

"Kazi ya mukono lazima ibebe muntu," akasema. "Fundi anatengeneza kitanda, muntu analala. Anachonga mutumbwi, muntu anavuka. Picha zako weye zinabeba nani?"

Jamaa wakacheka, na aliyecheka zaidi ya wote alikuwa Abdoul.

Abdoul naye ni msanii wa galerie ile ile. Anaokota maganda ya risasi ya zamani, anayaunganisha, anasema ni ndege. Naye aliposa Nuru, naye akakataliwa, ila yeye alikataliwa kwa chai na maandazi, kwa sababu ana kofia safi na anajua kuamkia. Tangu hapo amekaa mkao wa kungoja.

Basi. Picha zimezama, siku ya kufungua maonyesho imekaribia, mimi nimevuka tena na kusimama mbele ya Madame Adèle nikichuruzika maji.

"Ukuta wako iko mweupe, Twaibu," akasema. "Jumamosi jury, wale waamuzi, inatoka Kinshasa, pamoja na Mubelgiji mumoja. Musanii watakayemupenda wanamuchukua Kinshasa, wanamupa chumba, wanamupa rangi, anafanya kazi nusu mwaka. Weye utawaonyesha nini? Kiatu?"

"Nipe mpaka keshokutwa, Madame."

"Nakupa. Ikishindikana, ukuta ni wa Abdoul. Yeye iko na ndege wengi."

Nilivuka mto kurudi nyumbani nikitukana kila kitu: mto, mtumbwi, ndege wa Abdoul. Nikaenda kukaa nyuma ya msikiti wa mtaa wetu, kwa mjomba wangu Soudi, ndugu ya mama yangu, ambaye ndiye mtunzaji wa vitu vya msikiti. Mikeka, birika, ngazi, vyote viko chini yake.

Na jeneza pia. Siku hizi msikiti una jeneza jipya la chuma, linang'aa, lina mikono ya kukunja. Lile la zamani la mbao lilikuwa limeegemezwa ukutani nyuma, na kuku walikuwa wakilitumia kulalia. Nikalitazama. Nikasimama. Nikalitazama tena.

Nyinyi mnaolijua jeneza la msikiti mnajua kwamba haliingii kaburini. Linambeba maiti, linamfikisha, kisha linarudi tupu kumngoja mwingine. Sasa, miaka ile ya vita, mji ulipofungwa pande zote, treni haiji, njia ya Punia haipitiki, mbao hazikuonekana Kindu. Aliyekuwa nazo alizipikia. Mkristo akifa, hakuna sanduku. Basi watu wa misheni wakaja kwetu kuomba, wakapewa jeneza, wakalirudisha, wakaja tena. Waislamu, Wakristo, watu wa Kampene waliokimbilia mjini, hata askari mmoja ambaye hakuna aliyejua ni wa upande gani, wote walipita juu ya mbao zile.

Baba yangu alipita. Mama yake Nuru, Mama Hadidja, alipita wiki ile ile. Mimi nilikuwa mdogo, nilishika kamba iliyokuwa ikining'inia pembeni, nikadhani nami nabeba.

"Mjomba," nikasema, "ile ya zamani mnaifanyia nini?"

"Uichukue," akasema Mjomba Soudi.

Hakuniuliza ya nini. Mtu ambaye nikiomba birika ananiuliza maji ni ya nani, leo ananiambia nichukue jeneza. Na nilipolisogelea nikaona limeshapanguswa mavi ya kuku, na kamba zake zilikuwa mpya. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nilibeba.

Nikalivusha. Fundi wa chuma, Bienfait, akanichomea vyuma vitatu, tukalitundika ukutani juu sana, wima, karibu na dari ya lile ghala. Galerie ya Madame Adèle ilikuwa ghala la mchele zamani na bado inanuka pumba. Chini ya jeneza nikabandika karatasi ndogo:

*Jeneza la miaka ya vita. Mbao, kamba, mabega.*

Madame Adèle alisoma, akasoma tena, akavua miwani akafuta macho. Abdoul alipita akasema, "Umeishiwa mupaka unapora maiti." Lakini niliona anavyolitazama, halafu anavyowatazama ndege wake. Roho yangu ikalala usingizi mtamu mpaka Jumamosi asubuhi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa galerie, nanyoosha karatasi yangu, simu ikalia. Nuru.

"Twaibu." Sauti yake ilikuwa inakwaruza.

"Kuna nini?"

"Baba ametuacha. Alfajiri."

Innalillahi. Nikakaa chini palepale sakafuni. Na nitasema kweli, nililia. Alinikataa, alinidhihaki, lakini nilikuwa nimezoea kupita mbele ya baraza yake na kutukanwa. Nani atanitukana sasa?

"Unisikilize vizuri," Nuru akasema. "Jana baba alinishika mukono, mubele ya imamu na mujomba wako Soudi. Alisema ile jeneza ya chuma hataki. Anataka ile ya mbao iliyomubeba mama. Nikamuahidi. Na alisema tena: muntu atakayelileta mupaka mulangoni, njo yeye atashika muti wa mubele, wa kuume."

Nikasimama.

"Twaibu, unajua kwetu ule muti nani anaushika."

"Mukwe," nikasema.

Najua. Kila mtu anajua. Katika ukoo wa Muzee Ayoubu, jeneza likiinuliwa, mti wa mbele wa kulia ni wa mume wa binti. Aliyeushika kaburini hawezi kufukuzwa barazani. Na Muzee Ayoubu alikuwa na binti mmoja tu, naye hana mume.

"Sasa ukimbie," akasema. "Tunazika baada ya alasiri. Jeneza iko kwa mujomba wako, nyuma ya musikiti. Ama?"

Nikainua macho. Jeneza lilikuwa juu yangu, limefungwa kwa vyuma vya Bienfait, na chini yake Madame Adèle alikuwa anapanga meza ya maandazi ya beignets na chupa za soda ya sucré.

"Iko palepale," nikasema. "Naenda kuichukua."

Msinihukumu mapema. Ningemwambiaje mwanamke aliyefiwa kwamba chombo kilichombeba mama yake nimekitundika ili watu wakitazame huku wanatafuna? Nilisema kauongo kadogo. Niliona nitalishusha upesi, nitavuka, nitafika nalo mlangoni, na hakuna atakayejua lilikuwa limelala wapi.

Nikamfuata Madame Adèle.

"Madame, nalishusha. Muzee Ayoubu amefariki, anazikwa alasiri."

"Pole sana," akasema, na alimaanisha. "Lakini unalishusha saa ngapi?"

"Sasa."

"Twaibu! Jury inafika saa tisa! Ile jeneza njo maonyesho yote! Wakute nini, beignets?" Akanishika mikono miwili. "Muzee wa watu anazikwa alasiri, wale wageni wanakaa mupaka jioni tu. Ulishushe saa kumi na mbili."

"Saa kumi na mbili atakuwa ameshazikwa, Madame."

"Basi wamubebe na ile ingine, ile ya chuma. Mungu ataangalia kilichomubeba?"

Mungu hapana. Lakini Nuru ataangalia. Sikubishana tena. Nikasema, "Sawa, Madame," kwa sauti ya mtoto mzuri, nikangoja aende hotelini kuwapokea wageni wake.

Alipotoka tu, nikaleta ngazi.

Sasa nizungumze habari za Bienfait. Kuna mafundi ukiwaambia kaza, wanakaza. Bienfait ukimwambia kaza, anakaza hadi Kiyama. Nilikuwa na koleo moja. Nati ya kwanza ilinichukua asubuhi nzima na ngozi ya kiganja. Ya pili ilinichukua mpaka adhuhuri ikapita. Nikampigia Bienfait, akaniambia yuko Alunguli msibani kwa Muzee Ayoubu, na kwa nini mimi siko.

"Nakuja," nikasema. "Bienfait, hizi nati zinafunguliwaje?"

"Nati zangu? Kwa nini uzifungue?"

Nikakata simu.

Nilikuwa kwenye nati ya tatu, juu ya ngazi, jeneza limeshaanza kuinama begani kwangu, mlango ukafunguliwa. Madame Adèle, na nyuma yake jury: mama mmoja wa Kinshasa mwenye hereni kubwa, mzee mmoja wa fimbo, na Mbelgiji mrefu mwenye kamera shingoni. Nyuma yao Abdoul, kanzu nyeupe, kofia safi, anatabasamu.

Madame Adèle akanitazama. Niliona kichwani mwake kitu kinazunguka, kikasimama. Yule mama ni hodari, nampa haki yake.

"Mabibi na mabwana," akasema, "mumefika kwa wakati. Performance imeanza."

Mbelgiji akadhani ni igizo, akainua kamera. Mama wa hereni akasema, "Ah!" Mimi nikabaki na koleo mkononi, jasho linaingia machoni. Abdoul alikuwa ameacha kutabasamu.

Na hapo ndipo tukaisikia. Kwanza mbali, upande wa mto, halafu karibu: *Laa ilaaha illa llah. Laa ilaaha illa llah.*

Waliingia wanaume wa Alunguli, kanzu zimelowa magotini kwa maji ya mtumbwi, wanasoma bila kumtazama mtu. Nuru alikuwa amechoka kunisubiri, akawatuma kwa Mjomba Soudi, na Soudi akawanong'oneza jeneza lilipo. Wakaja moja kwa moja mpaka chini ya ukuta wangu, wakainua mikono kulipokea.

Wageni wakapiga makofi. Mzee wa fimbo alikuwa anatikisa kichwa kwa raha.

"Nani anapiga makofi kwenye maiti?" akauliza mmoja wa wanaume, Mbaraka muuza mchele.

"Ni wageni," nikasema kutoka juu. "Wavumilie. Shika huko chini, nati ya mwisho hii."

Wakati nasukuma ile nati, nikamsikia Abdoul chini anauliza kwa upole wake wa maandazi:

"Samahani, mukubwa wangu. Kwa nini hii ya mbao? Si iko ile mupya?"

Na Mbaraka, mdomo hauna mlango, akamweleza. Wasia wote. Mlango, mti wa mbele, wa kuume. Nilitaka kupiga kelele "Mbaraka, nyamaza!" Lakini nati ikachomoka.

Jeneza likashuka salama mikononi mwao. Mimi sikushuka. Chuma cha Bienfait kilikuwa kimeingia kwenye ukosi wa shati langu, na mtu fulani, sitaki kumtaja lakini alikuwa na kofia safi, aliipiga ngazi teke akiwa anapita. Ngazi ikaanguka. Nikabaki naning'inia ukutani, mahali palepale jeneza lilipokuwa, miguu inapiga hewa.

Huku chini Abdoul alishaingiza bega lake. Mbele. Kuume.

"Laa ilaaha illa llah!" akaanzisha, kwa sauti nzuri kuliko wote, mnafiki yule, wakatoka naye mlangoni.

"Abdoul!" nikapiga kelele. "Abdoul, acha huo mti! Nishusheni! Jamani, nishusheni!"

Mbelgiji alinisogelea. Akainama, akasoma karatasi yangu chini ya miguu yangu: mbao, kamba, mabega. Akanitazama mabega. Macho yake yakajaa machozi, akapiga picha.

"Bravo," akasema.

"Bravo mama yako! Nishushe!"

Hakujua Kiswahili. Wakapiga makofi tena, wote watatu. Shati likachanika lenyewe, ndipo nikaanguka juu ya meza ya beignets.

Sikuangalia kama nimeumia. Nilitoka mbio na sukari mgongoni mpaka kivukoni. Mtumbwi wao ulikuwa umeshaondoka, jeneza limekaa katikati, Abdoul amesimama mbele kama gavana. Nikarukia mtumbwi wa mota uliobaki. Nikageuka kumwambia mwenye mtumbwi aondoe, nikakuta jury yote inapanda, Madame Adèle anawashika mikono mmoja mmoja.

"Madame, hawa wanaenda wapi?"

"Wanataka kuona mwisho," akasema.

"Mwisho ni kaburi, Madame! Kaburi la kweli!"

"Twaibu," akaniambia kwa sauti ndogo, "wamesema hawajaona kitu kama hiki tangu wazaliwe. Ile nafasi ya Kinshasa iko yako. Usiniharibie."

Nafasi ya Kinshasa. Asubuhi ile ningeruka mpaka darini. Sasa nilikuwa naangalia mgongo wa kanzu nyeupe unavyosogea upande wa Alunguli, na nikaona Kinshasa ni mji wa watu wengine.

"Ukimbize!" nikamwambia mwenye mtumbwi.

"Nikikimbiza na muzungu amesimama, tutapinduka," akasema. Na ni kweli, Mbelgiji alikuwa amesimama anapiga picha. Nikamvuta suruali, akakaa, tukaanza kuwakaribia. Tukawafikia. Tukawa sambamba. Nikamwona Abdoul uso kwa uso, maji kidogo tu katikati yetu.

"Abdoul, unajua hilo jeneza limetoka kwangu."

"Wasia haukusema limetoka kwa nani," akajibu, anatazama mbele. "Umesema nani atalileta."

"Nuru hakutaki!"

"Nuru alimuahidi baba yake. Ataweza kumugeuka akiwa juu ya jeneza?"

Nilisimama nimrukie. Mbelgiji naye akasimama anipige picha. Mnajua kilichofuata, maana ninyi mmenisoma wiki zote hizi: mimi na Lualaba tuna mkataba. Wao walibaki ndani. Niliyetoka ni mimi peke yangu, kichwa chini.

Nyumba ya Muzee Ayoubu iko juu tu ya kivuko, ukitoka majini unaiona baraza yake. Nilipofika ufukweni natambaa, wanaume walikuwa wanapanda na jeneza, watu wote wa mtaa wamesimama, na Mjomba Soudi anateremka mbio kuja kwangu. Nilidhani anakuja kunisaidia. Alinishika shati, lile lililobaki.

"Mupumbavu we!" akanong'ona kwa hasira, mate yananirukia. "Ulikuwa wapi? Yule mutoto Abdoul anafanya nini kwenye muti wako?"

"Mti wangu?"

"Wako! Muzee mwenyewe njo aliniambia nikupatie lile jeneza! Alisikia picha zako zimezama. Akasema: Twaibu atakuja kukaa nyuma ya musikiti alie, umuachie alione, asione umemupatia. Mimi nililipangusa, mimi nilitia kamba!"

"Lakini alinikataa, Mjomba. Mbele ya watu wote."

"Njo sababu! Alikataa mubele ya watu, angerudisha vipi neno lake? Aliona haya. Basi akalitia kwenye wasia, bila jina, litoke kama bahati. Alikuuliza picha zako zinabeba nani. Akasema mwenyewe: zitanibeba mimi."

Ndugu zangu, nilisimama ndani ya tope nikashindwa kupandisha mguu. Yule mzee mkorofi, amelala kitandani anakufa, anacheka peke yake, ananipangia harusi. Asingeona aibu ya kunitaja jina, hivi sasa ningekuwa juu pale. Nilimpenda nikamkasirikia kwa pamoja.

"Mwambie imamu," nikasema. "Waambie wote."

"Niseme nini? Wasia umesomwa asubuhi, mashahidi wapo. Aliyelileta, wamesema. Panda! Panda upesi!"

Tukapanda tunavutana. Jeneza lilikuwa limewekwa mbele ya mlango. Muzee Ayoubu ameshalazwa juu yake, mwembamba ndani ya sanda, amefunikwa shuka la kijani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kunitukana. Abdoul ameinama tayari, bega liko chini ya mti.

Mlangoni alisimama Nuru, kitenge kichwani, macho mekundu.

Imamu akalitazama jua. "Tusimucheleweshe," akasema. "Kama marehemu alivyotuachia, nauliza mara moja tu. Nani amelileta hili jeneza mupaka hapa?"

"Mimi," akasema Abdoul.

"Mimi!" nikapiga kelele mimi, maji yananitiririka mpaka vidoleni.

"Sisi!" ikaja sauti kutoka kivukoni. Madame Adèle alikuwa anapanda, viatu mkononi, jury nyuma yake. "Galerie njo imelileta!"

Watu wakageuka kumtazama huyu mama anayetaka kumwoa Nuru. Kutoka nyuma mtu akacheka, akajificha kwenye kikohozi. Mbelgiji akaona watu wengi wamekusanyika, akapiga makofi, mama wa hereni akamshika mikono yote miwili akaishusha.

"Galerie gani?" akauliza Nuru.

Mbaraka akaangalia vidole vya miguu yake.

"Mbaraka. Mulilikuta wapi?"

"Dada," akasema Mbaraka, "lilikuwa ukutani. Juu. Wazungu wanaliangalia, wanakunywa sucré."

Niliona neno lile linavyomwingia. Si hasira kwanza. Kwanza alimtazama baba yake, halafu akagusa ubao wa pembeni wa jeneza, ule uliombeba mama yake yeye akiwa mgongoni kwa jirani. Halafu akaniinulia macho.

Imamu akamgeukia. "Nuru," akasema polepole, "weye njo ulishikwa mukono. Wako wawili. Useme ni nani, tuondoke."

Abdoul akaliweka sawa bega lake chini ya mti. Mjomba Soudi alikuwa ananisukuma mgongoni kwa ngumi.

"Nitasema," akasema Nuru. "Twaibu, nikuulize kitu kimoja mubele ya baba. Asubuhi nilipokupigia, hili jeneza lilikuwa wapi?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari, uliokamilika, ungenitoa. Nilikuwa na ukweli pia. Nikamtazama Muzee Ayoubu ndani ya sanda yake, nikachagua ukweli, nikafungua kinywa nijibu, na Lualaba yote niliyokuwa nimeimeza ikatangulia kutoka, ikamwagika juu ya kanzu nyeupe ya Abdoul.